Matumaini ya chanjo nyanda za juu Kigoma: Yalijengwa kwa majibu, yalindwe kwa ukweli

Barabara ya Kabingo–Kibondo–Kasulu–Manyovu, yenye urefu wa takribani kilomita 260, inapita katika ukanda ambao magonjwa ya mlipuko hayajawahi kuwa habari ya mbali. Manyovu, wilayani Buhigwe, ni lango la kuingilia Burundi. Kasulu ina kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Kibondo imekuwa na kambi ya Nduta. Katika masoko ya ujirani mwema yaliyopo mpakani, wananchi wa nchi mbili huuziana mazao na mifugo, na Kiha na Kirundi zinakaribiana kiasi cha muuzaji na mnunuzi kuelewana bila mkalimani. Undugu huo ni neema, lakini kirusi nacho huvuka kwa njia hiyo hiyo.

Kigoma ni miongoni mwa mikoa sita, pamoja na Rukwa, Katavi, Kagera, Mbeya na Songwe, ambako Serikali iliendesha kampeni ya chanjo ya matone dhidi ya polio kuanzia Septemba 21 hadi 24, 2023, baada ya mtoto mmoja mkoani Rukwa kubainika kuwa na ugonjwa huo. Walengwa walikuwa zaidi ya watoto milioni 3 wenye umri wa chini ya miaka minane, na awamu ya pili ilipangwa kufanyika mwezi Novemba mwaka huo. Wachanjaji waliopita nyumba kwa nyumba walibisha hodi katika kaya zile zile zilizohamasishwa wakati wa UVIKO-19. Namna walivyopokewa ilitegemea kwa kiasi kikubwa kile ambacho wananchi walijifunza kuhusu chanjo katika kipindi hicho.

Mwanzo mgumu

Habari njema za chanjo ya UVIKO-19 zilianza kusikika duniani Novemba 2020, pale majaribio ya chanjo ya Pfizer yalipoonesha kinga ya takribani asilimia 95. Tanzania, ambako mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, ilipokea shehena yake ya kwanza Julai 24, 2021: dozi 1,058,400 za Janssen kupitia mpango wa COVAX. Siku nne baadaye, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, akieleza kuwa yeye ni mama, bibi na kiongozi anayetegemewa, na kwamba asingejipeleka mwenyewe kwenye hatari.

Mfano huo ulifungua mlango, ingawa waliopita hapo mwanzo hawakuwa wengi. Hadi Januari 2022, watu waliokamilisha chanjo nchini hawakufikia asilimia tano. Ni makosa kuuita mwitikio huo ukaidi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja wananchi walikuwa wamesikia kauli zinazokinzana kuhusu ugonjwa wenyewe. Chanjo ilianza kwa makundi ya kipaumbele, yaani watumishi wa afya, watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea na wenye magonjwa sugu, hivyo kijana wa kijijini aliiona kama jambo la wengine. Wakati huo huo, uvumi kwamba chanjo huleta ugumba ulisambaa kwenye simu za mkononi kwa kasi kuliko maelezo ya wataalamu.

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika suala hili, uvumi ulijitembeza hadi jikoni kwa mwananchi, wakati chanjo ilibaki kwenye jokofu la kituo cha afya ikisubiri kufuatwa.

Chanjo ilipotoka kituoni

Mabadiliko yalikuja pale Wizara ya Afya ilipotekeleza Mpango Shirikishi na Harakishi, uliozitoa huduma hospitalini na kuzipeleka vitongojini, minadani na kwenye nyumba za ibada. Kwa nyanda za juu za Kigoma, hatua hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Vijiji vingi viko milimani, njia huteleza msimu wa mvua, na mkulima wa kahawa au maharage hawezi kupoteza siku nzima ya kazi kufuata kitu ambacho bado anakitilia shaka.

Aina ya chanjo nayo ilisaidia. Janssen ilihitaji dozi moja tu, na ilihifadhiwa katika nyuzi joto 2 hadi 8, kiwango ambacho majokofu ya chanjo za watoto tayari yalikimudu. Hilo si jambo dogo katika mkoa uliotegemea majenereta kwa umeme wake kabla ya kuanza kuunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022. Mfumo uliojengwa tangu Mpango wa Taifa wa Chanjo ulipoanza mwaka 1975 ndio uliobeba chanjo ya watu wazima.

Matokeo yake yanafahamika. Kufikia mwaka 2023, zaidi ya nusu ya Watanzania walikuwa wamekamilisha chanjo ya UVIKO-19, na Mei 5 mwaka huo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kuwa ugonjwa huo si dharura ya kimataifa tena. Ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, Burundi nayo ilianza kuchanja Oktoba 2021, baada ya kuwa miongoni mwa nchi za mwisho barani Afrika kufanya hivyo.

Ahadi yenye kipimo

Idadi ya waliochanjwa, hata hivyo, haielezi kila kitu. Mtu anaweza kuchanjwa leo na kuwa na mashaka kesho, hasa pale anachokiona kinapotofautiana na alichoahidiwa. Mtihani huo ulikuja na kirusi cha Omicron, kilichobainika kusini mwa Afrika Novemba 2021. Waliochanjwa waliambukizwa, na swali likawa moja kila mahali: kama chanjo inafanya kazi, mbona aliyechanjwa naye ameugua?

Jibu sahihi lilikuwepo tangu mwanzo katika majaribio yenyewe. Janssen ilionesha uwezo wa takribani asilimia 66 wa kuzuia ugonjwa wa kadiri hadi mkali, na takribani asilimia 85 wa kuzuia ugonjwa mkali. Chanjo hiyo haikuwa ukuta usiopenyeka. Ilikuwa kinga iliyopunguza uwezekano wa mtu kulazwa akitegemea oksijeni, na uwezekano wa kufa. Aliyeelezwa hivyo hakuona ajabu alipopata mafua akapona. Aliyeahidiwa kwamba hataugua kamwe alikuwa na kila sababu ya kujiona amedanganywa, na mtu wa namna hiyo huirudisha shaka yake kwa jirani zake.

Kigoma ina historia ya karibu inayosaidia kulielewa hilo. Mei 2015, kipindupindu kiliwashambulia wakimbizi wa Burundi waliokusanyika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, na watu wapatao 30 walifariki. Mwezi uliofuata, chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa katika kambi ya Nyarugusu. Hakuna aliyeambiwa aache kuchemsha maji au kutumia choo kwa sababu amechanjwa. Chanjo, maji safi na usafi vilikwenda pamoja, na mlipuko ukadhibitiwa.

Swali gumu la polio

Somo hilo ndilo linalohitajika sasa, kwa kuwa polio imeleta swali gumu kuliko la UVIKO-19. Tanzania haijapata mgonjwa wa polio ya kirusi cha asili tangu mwaka 1996, na mwaka 2015 ilithibitishwa kuwa huru dhidi yake. Kirusi kilichobainika Rukwa ni cha aina ya pili, kinachotokana na chanjo yenyewe ya matone. Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa namna hiyo, wa kwanza wa polio nchini humo kwa zaidi ya miaka 30. Mzazi wa Manyovu akisikia maneno hayo nusu nusu, ana haki ya kuuliza kwa nini mwanawe apewe matone.

Kulificha jibu ni kuuachia uvumi nafasi. Matone hubeba kirusi kilichodhoofishwa, ambacho hutoka na kinyesi cha mtoto aliyechanjwa. Penye watoto wengi waliochanjwa, kirusi hicho hufia njiani. Penye wengi wasiochanjwa, huweza kuzunguka kutoka mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, kikabadilika na kurejesha uwezo wa kupoozesha. Chanjo mpya ya aina ya pili, iliyoanza kutumika duniani mwaka 2021, imetengenezwa ili mabadiliko hayo yatokee kwa nadra zaidi, ingawa nayo haiondoi hatari hiyo yote, kama ilivyoonekana Burundi na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kinachouzima mlipuko ni kuwafikia watoto wote.

Hata umri wa walengwa una maelezo yake. Aprili 2016, dunia iliondoa aina ya pili katika matone ya kawaida. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakupata kinga ya matone dhidi ya aina hiyo, na ndiyo maana kampeni hiyo ilivuka kikomo kilichozoeleka cha miaka mitano. Mzazi anayeelezwa hilo huelewa kwa nini mwanawe wa darasa la kwanza anafuatwa.

Mtaji wa kulindwa

Imani iliyopatikana wakati wa UVIKO-19 ni mtaji, nao hupungua usipotunzwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watendaji wa vijiji na viongozi wa dini wanahitaji kupewa maelezo kamili kabla ya kampeni, yakiwemo yale magumu. Dalili ndogo baada ya chanjo zitajwe mapema, na anayezipata ajue pa kwenda. Kwa Manyovu na vijiji vya mpakani, uratibu na Burundi ni wa lazima, kwani mtoto anayelala upande mmoja na kushinda sokoni upande wa pili hurukwa kwa urahisi na timu zote mbili.

Kabla ya kila awamu mpya, kila kijiji kinaweza kuzitambua kaya ambazo hazikufikiwa katika awamu iliyotangulia na sababu zake: waliokuwa safarini, waliokuwa shambani, na waliokataa. Wawili wa kwanza wanahitaji ratiba nzuri zaidi. Aliyekataa anahitaji mtu anayemfahamu, aketi naye, amsikilize swali lake hadi mwisho na kumjibu bila kutia chumvi. Polio haina tiba, na mguu uliopooza haurudi ulivyokuwa. Gharama ya kumwacha bila jibu italipwa na mtoto ambaye hakuulizwa.