Maji Kwanza, Jukwaa Baadaye

Walinijia hapa Igogwe vijana watatu, wakiongozana na wazee wawili wenye ushabiki kuliko hao vijana. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, walinitolea daftari. Ndani yake mlikuwa na maoni ya mashabiki juu ya kuukarabati uwanja wa zamani wa mpira wa chuo cha ualimu nilikosomea, ambao sasa asubuhi ni malisho ya ng'ombe na jioni ni makao ya vyura. Nilitakiwa nisome, nitie sahihi, kisha nitoe mchango. Nilisoma. Sahihi sikutia. Waliondoka wakininong'ona kuwa mwalimu amezeeka na kuwa mkorofi, nami naandika haya ili wajue ukorofi wenyewe unatoka wapi.

Karibu kila aliyeandika katika daftari lile anataka jukwaa. Jukwaa lenye paa, viti vya plastiki vya rangi mbili, na mahali pa wageni rasmi penye mapazia. Mmoja anataka ukuta mrefu, ili wale wanaotazama bure kutoka kwenye ngema ya migombani wakome. Mwingine anataka nyasi bandia kama za Kaitaba kule Bukoba na Nyamagana kule Mwanza. Yuko anayetaka taa za usiku, na yuko anayetaka uwanja upewe jina la mfadhili, ingawa mfadhili mwenyewe hajapatikana. Kurasa kumi na moja nzima, na neno "mtaro" halimo hata mara moja.

Ndugu zangu, tunaishi Rungwe. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma. Mvua hiyo ndiyo inayotupa chai, ndizi na viazi, na hiyo hiyo ndiyo iliyouua uwanja wetu. Haukuuawa na kukosa viti. Kumjengea marehemu jukwaa si kumfufua.

Nasema hivi kwa kuwa nilikuwapo ulipochimbwa. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1970, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ikiwa bado ya moto, na mwanachuo asiye na malengelenge viganjani alitazamwa kwa mashaka. Eneo lilikuwa mteremko mtupu. Ilibidi kukata upande wa mlimani na kujaza upande wa bondeni, kwa majembe, mabeleshi na machela ya magunia. Mkufunzi aliyetusimamia alikuwa mtu wa kilimo, wala mpira hakuujua. Nadhani hata kuotea hakukufahamu mpaka alipostaafu. Lakini maji aliyafahamu. Kabla hajaturuhusu kusimamisha goli hata moja, alitushurutisha kuchimba mtaro mrefu upande wa juu, ili maji ya mlimani yakingwe kabla ya kufika uwanjani. Halafu akatuamuru tuunyanyue uwanja katikati kidogo, kama mgongo wa kobe, mvua iteremke kuelekea pembeni. Pembeni nako tukachimba mifereji, tukaijaza mawe yale mepesi ya volkano ambayo hapa kwetu hayanunuliwi, na juu yake udongo. Tulinung'unika sana. Tulitaka kucheza, na yeye alikuwa anatufukuisha kaburi la urefu wa mita mia.

Masika yalipofika tukanyamaza. Mvua ikinyesha asubuhi hadi saa sita, saa kumi tulikuwa tunacheza. Timu za vyuo vingine zilipokuja zilituuliza tumemwaga nini chini ya nyasi zile. Tulijibu kwa majivuno kwamba ni siri, maana tuliona haya kusema ni mawe.

Sasa niungame. Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu mkuu wa shule moja isiyo mbali na hapa, tulitarajia mgeni mkubwa siku ya kufunga shule. Uwanja wetu wa shule nao ulikuwa na mtaro upande wa juu, mdogo wake na ule wa chuo. Pale pale penye mtaro ndipo palipokuwa na kivuli kizuri. Niliamuru ufukiwe, tukasawazisha, tukapanga mabenchi na turubai, na mgeni alikaa vizuri kwa saa mbili. Alinisifu kwa mandhari. Mtaro sikuufukua tena. Masika mawili tu, na upande mmoja wa uwanja ukawa tope la kudumu. Watoto wakahamia barabarani na mpira wao wa makaratasi. Hakuna aliyenilaumu, maana hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Mimi niliyaunganisha. Kwa hiyo ninapoona mashabiki wanataka kuanza na kiti cha mgeni rasmi, ninajiona mwenyewe na turubai langu.

Wapo watakaosema huo ni mfano wa uwanja wa shule, mambo ya watoto. Basi watazame mambo ya wakubwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa kule Dar es Salaam, ulioanza kutumika mwaka 2007, una viti 60,000. Mwaka 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na mchezo wa marudiano dhidi ya RS Berkane ya Morocco ulistahili kuchezwa hapo. CAF ikauhamishia Zanzibar, katika uwanja wa Amaan wenye viti vipatavyo 15,000, kwa sababu eneo la kuchezea la Mkapa halikuwa katika hali ya kufaa. Tarehe 25 Mei walitoka sare ya 1-1 na kombe likaenda Morocco. Sisemi kwamba Simba wangeshinda Dar es Salaam, maana walikwisha kufungwa mawili kwao Berkane, na mimi si mpiga ramli. Ninasema tu kwamba viti 60,000 vilibaki vitupu kwa ajili ya nyasi. Hata huku mikoani, Bodi ya Ligi inapoufungia uwanja, mara nyingi ni eneo la kuchezea lililoiponza timu. Sijasikia uwanja uliofungiwa kwa kukosa mapazia.

Kuhusu nyasi bandia sina maneno mengi. Hutandikwa juu ya msingi unaopitisha maji. Pasipo msingi huo utakuwa umenunua zulia la kufunika bwawa. Na baada ya miaka kama kumi zulia huchakaa, linanunuliwa jingine. Nani atalinunua?

Juu ya ukuta, hapo sitanii hata kidogo. Tarehe 21 Machi 2021 watu 45 walipoteza maisha katika msongamano wa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Kule Sheffield, Uingereza, tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio katika uwanja wa Hillsborough, na waliokufa kwa ajili ya siku ile walifikia 97. Uzio ule uliwekwa kuwazuia watu wasiingie uwanjani. Siku ile uliwazuia wasitoke humo ndani wakiwa hai. Baada ya hapo Waingereza walianza kuzing'oa nyua hizo. Sisi ndio kwanza tunataka kujenga yetu, tena yenye lango moja ili mkusanya viingilio awe mmoja. Anayeandika "lango moja" katika daftari la maoni na asiandike watu watokee wapi, huyo amefikiria fedha tu. Na hao watazamaji wa bure wa kwenye ngema ni akina nani? Ni watoto wetu, na akina mama wanaotoka sokoni wakatua vikapu. Mimi mwenyewe nilianza kupenda mpira nikiwa juu ya ngema kama ile.

Liko jambo jingine ambalo daftari halikugusa, nalo ni mwenye mali. Wazee mnakumbuka jinsi wakati wa chama kimoja tulivyochangishwa, wengine fedha, wengine mchanga, wengine nguvu, kujenga viwanja mikoani. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, vingi kati ya viwanja hivyo vilibaki kuwa mali ya CCM. Huenda ilikuwa halali kwa maandishi. Ndiyo maana ninataka maandishi. Uwanja huu ni wa chuo. Tukimwaga michango ya mashabiki bila kuandikiana, kesho klabu itasema ni wake, chuo kitasema ni wake, halmashauri itakuja na ushuru, na wanachuo, ambao uwanja ulichimbwa kwa ajili yao wajifunze kufundisha michezo, watauliza saa ngapi wanaruhusiwa kuingia.

Nisiwaonee mashabiki. Hawa ni watu wa wilaya iliyowahi kuitoa Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986. Waliowaona wakicheza hawajapona mpaka leo, na mmoja wa wazee walionijia ni mgonjwa wa namna hiyo. Wana haki ya kutamani. Aliponiambia, "Mwalimu, bila jukwaa hakuna atakayetuletea hela, mtaro haupigwi picha," sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli, mtaro haupigwi picha. Mfadhili hukata utepe mbele ya kitu kinachoonekana. Nimelifikiria neno lake usiku kadhaa, na ninaloweza kumjibu ni hili: mtaro hauhitaji mfadhili. Mawe yako mtoni, mikono ipo, na sisi vijana wa wakati ule tuliuchimba tukiwa tumeshiba ndizi za kuchemsha tu. Uchimbwe upya mwaka huu, upite masika mmoja, halafu mfadhili aletwe aone mpira unachezwa saa kumi baada ya mvua ya saa sita. Hapo azungumziwe jukwaa, nami sitaweka pingamizi, hata mapazia nitayavumilia.

Daftari wameliacha kwangu. Nimechora nyuma yake mahali mtaro wa zamani ulipopita, kuanzia kwenye mti wa mparachichi hadi kwenye kona ya bondeni, kwa kadiri ninavyokumbuka. Jumamosi nitakwenda na fimbo kupapasa kama mawe yetu bado yapo chini. Mwenye beleshi aje nalo.