Mawe ya Ihumwa na Moto wa Chini ya Ardhi

Mdogo wangu wa kike na mumewe wanacho kiwanja Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, ukielekea Morogoro. Kiwanja hicho kiko chini ya kilima cha mawe makubwa yaliyopandana kama magunia ghalani. Matofali yamekwisha kufyatuliwa, lakini msingi haujachimbwa. Nilipowatembelea juzi nilielezwa sababu.

"Kaka," aliniambia, "tangu tuliposikia habari za Hanang sina amani. Watu walisema mlima ule ulipasuka. Na haya mawe yetu, si yalitapikwa na mlima pia?"

Swali hilo si la kuchekwa. Mtu anayetaka kuweka jasho lake la miaka mingi ardhini anayo haki ya kujua ardhi hiyo ni ya namna gani.

Wengi wetu tunadhani kwamba chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto. Sivyo. Mwamba wa huko chini una joto kali, lakini umebanwa na uzito wa miamba iliyo juu yake hata hauyeyuki. Huyeyuka pale tu penye sababu, na sababu zilizo kubwa ni tatu. Kwanza, gamba la dunia linapovutwa na kupasuka, mbano hupungua na mwamba huyeyuka. Pili, kipande kimoja cha gamba kinapozama chini ya kingine, huteremka na maji ya bahari, na maji hayo huurahisishia mwamba kuyeyuka. Ndivyo ilivyo kandokando ya Bahari ya Pasifiki, kuanzia Chile mpaka Japani. Tatu, joto linaweza kupanda kutoka kina kirefu sana, kama huko Hawaii.

Uji wa moto ukishapatikana hutafuta njia ya kupanda, kwa kuwa ni mwepesi kuliko mwamba unaouzunguka. Gesi iliyomo ndani yake hufanya kazi kama ile ya chupa ya soda iliyotikiswa: kizibo kikilegea, vyote hutoka kwa kishindo. Hapo ndipo volkano huzaliwa.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tumo katika ile sababu ya kwanza. Bara letu linapasuka polepole, milimita chache kwa mwaka, na ufa wenyewe ndio Bonde la Ufa. Kandokando yake ndiko iliko milima yetu ya moto. Nyiragongo, mashariki ya Kongo, ulitiririsha uji wake hadi ndani ya mji wa Goma mwaka 2002, na mwaka 2021 ukabomoa tena makazi ya watu. Hapa nchini, Oldoinyo Lengai ulilipuka mwaka 1966, 1983 na 2007. Uji wake ni wa ajabu: joto lake ni kiasi cha nusu tu ya joto la uji wa volkano nyingine, hutoka ukiwa mweusi, kisha hugeuka mweupe ukipata unyevu wa hewa.

Sasa turudi Ihumwa. Nilimwomba mpwa wangu aniletee kipande cha jiwe. "Mjomba, linametameta," alisema. Naam, hiyo ndiyo hati yake ya kuzaliwa. Ni graniti. Nayo ilikuwa uji wa moto, lakini haikutoka nje kamwe. Ilipoa taratibu ndani kabisa ya ardhi, ndiyo maana chembe zake zikapata nafasi ya kukua hata tukaziona kwa macho. Miamba ya uwanda huu ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Mvua na upepo viliondoa kilichoifunika, jua likaipasua, ikabaki marundo haya.

Uwanda huo wa kale ni mnene na mgumu, hata Bonde la Ufa liliposhindwa kuupasua likagawanyika na kupita pande zake mbili. Nyufa za upande wa mashariki zimefika karibu na Dodoma, ndiyo sababu matetemeko husikika huku. Wala ugumu si kinga kamili: huko Igwisi, mkoani Tabora, viko vilima vitatu vidogo vya volkano vyenye umri wa kama miaka 12,000 tu. Hata hivyo, Ihumwa haina mlima wa moto.

Na Hanang? Mlima ule ni volkano ya kale, lakini tarehe 3 Desemba, 2023 haukulipuka. Mvua kubwa ililowesha miamba yake dhaifu, sehemu ikameguka, na tope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Muuaji alikuwa maji.

Nilipokwisha kusema hayo, shemeji yangu aliinuka bila neno, akatuongoza hadi pembe ya chini ya kiwanja. Palikuwa na korongo kavu, lenye mchanga mweupe. Hapo ndipo walipokuwa wamepima msingi, kwa kuwa udongo wake ni laini kuchimba.

Jioni ile tuling'oa mambo zote na kuzipigilia upya juu, mbali na korongo na mbali na mawe yaliyoegemeana. Mdogo wangu ndiye aliyeshika kamba.