Mkimaliza Kutupa Elimu, Tujibuni

Samahani kwa ukimya wa wiki mbili, ndugu wasomaji. Nilikuwa Kilwa. Wanaosafiri barabara ya kusini wanajua kwamba ukikaribia Somanga unatoa kichwa dirishani kuangalia maji kwanza. Mei 2024, wakati wa mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara ilikatika pale, mabasi yakalala huku na huku. Safari hii tulipita salama. Nimerudi na jambo limenikaa kooni, na leo nalitema.

Nilialikwa kuripoti semina. Ukumbi wa hoteli pale Masoko, feni zinazunguka taratibu, maji ya chupa mezani, chai ya saa nne na vitafunwa. Waliokaa ni wakuu wa idara na watendaji wa kata. Mada ilikuwa namna kiongozi anavyobadili uzungumzaji wake ili timu yake imwamini. Mwezeshaji, kijana mtanashati kutoka Dar es Salaam, alitupitisha kwenye mada kwa ustadi mkubwa. Ukiongea na wazee, shusha sauti. Ukiongea na vijana, tania kidogo. Walio chini yako wajue kwa majina, na majina ya watoto wao pia. Usiseme "nataka", sema "naomba tusaidiane". Watu waliandika. Na mimi niliandika, sina la kuficha.

Pembeni yangu alikaa mtendaji wa kata mmoja, mtu mzima, kalamu ameichomeka sikioni. Akaniinamia.

"Mdogo wangu, bosi wangu mimi jina la mwanangu analijua. Tena ananiita kaka. Nauli yangu ya vijijini ya tangu mwaka jana ndiyo haijui."

Akanionyesha simu. Kundi la WhatsApp la kazi. Chini kabisa, pale unapotakiwa kuandika, pameandikwa kwamba wanaoweza kutuma ujumbe ni viongozi wa kundi tu. Ujumbe wa mwisho uliingia saa tano usiku: taarifa ya madawati ya shule zote za kata, kesho saa mbili asubuhi, bila kukosa. Ulianza na maneno "Ndugu zangu wapendwa".

"Hiyo 'wapendwa' imeanza baada ya semina ya mwaka juzi," akasema. "Zamani alikuwa anaandika 'AGIZO'."

Nilicheka mpaka mwezeshaji akanitazama. Lakini jamani, si jambo la kucheka. Nchi hii tumesomesha viongozi kwa semina tangu zile semina elekezi za Ngurdoto mwaka 2006 na kabla ya hapo, na tunachovuna ni "wapendwa" badala ya "agizo". Kundi limebaki limefungwa vilevile.

Ugomvi wangu uko hapo. Tunafundishana kwamba kiongozi akiongea vizuri ataaminiwa. Mimi nasema kuongea vizuri bila kukubali kujibiwa ni kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu anakuamini pale anapoweza kukujibu mbele ya wenzake na jibu lake likakugharimu kitu, muda au fedha, wakati mwingine hata heshima. Ukimnyima hiyo, mwite kaka, mwite mjomba, mwite shehe, atakuitikia "naam" na atakwenda zake kufanya analolijua yeye.

Mwezeshaji, kutaka kutupendeza, akasema nyie watu wa Kilwa mfano mnao nyumbani. Akamtaja Sultani al-Hassan bin Sulaiman, yule aliyepewa lakabu Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ni kweli. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta, na aliandika habari zake. Sultani alikaa na mafakiri na kula nao. Siku moja ya Ijumaa, akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaenda kubadilisha, akampa. Ukumbi mzima ukasema "mashallah".

Ila mwezeshaji aliishia hapo, na msafiri hakuishia hapo. Aliandika pia kwamba sultani huyo alikuwa akivamia nchi za bara na kuleta ngawira, akitenga humo ile sehemu ya tano ya kidini. Kwa hiyo alikuwa na uso wa unyenyekevu mlangoni mwa msikiti na upanga huko bara, na wa bara hakuna aliyewauliza kama wanamwamini. Tena alipokufa akamrithi ndugu yake Daud. Mwombaji akija, Daud anamwambia aliyekuwa akitoa amekufa na hakuacha cha kutoa. Basi. Imani iliyojengwa juu ya tabia nzuri ya mtu mmoja ilizikwa naye kaburi moja.

Kama tunatafuta bingwa wa mawasiliano katika pande hizi, mimi ningemtaja Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wamatumbi hawakuwa na mfalme wa kuwaamuru, na majirani zao wengine walikuwa vivyo hivyo, kila ukoo na mambo yake. Yeye hakutuma tarishi na barua. Watu walikwenda wenyewe Ngarambe, wakaona, wakasikia, wakarudi kunong'onezana, na Julai 1905 pamba ikang'olewa Nandete, kwenye milima ya Umatumbi, Kilwa ya leo. Wajerumani na maakida wao wenye viboko walikuwa hawajawahi kupata utii wa namna ile. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikaendelea bila yeye, ikaenea karibu kusini yote.

Na maji hayakuzuia risasi. Makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa iliyofuata, ni kati ya 75,000 na 300,000. Nalisema hili kwa heshima ya wazee wetu, maana walikuwa na haki ya kuasi. Lakini ukitaka kujua mtindo mzuri wa kuongea unaweza kufika wapi wakati neno lenyewe halijapimwa na mtu, nenda Umatumbi ukaulize.

Tuje karibu. Mwaka 2013 ni jana tu, na wengi mnaosoma hapa mlikuwepo.

Tarehe 27 Desemba 2012 watu waliandamana Mtwara kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Bomba hilohilo, msisahau, lilikuwa lipite mkoa wetu wa Lindi, lishike Kilwa mpaka Somanga. Rais Kikwete akawajibu katika hotuba ya kuaga mwaka: rasilimali ni za taifa zima. Kwa maudhui hakukosea, mimi mwenyewe naamini hivyo. Lakini jibu lilitoka kwenye televisheni kuwaendea watu waliokuwa barabarani, na televisheni haina sikio. Januari kukachafuka, Masasi magari na nyumba zikachomwa.

Ndipo Waziri Mkuu Pinda alipokwenda Mtwara mwishoni mwa Januari. Akakaa. Akakutana na makundi mbalimbali, akawasikiliza kabla ya kusema lake, kisha akaeleza kwamba gesi itasafishiwa hukohuko Madimba. Joto likashuka. Hakuja na kikosi kipya wala sheria mpya. Alikuja na kiti.

Mngedhani serikali imejifunza, sivyo? Kwa jinsi ninavyoliona mimi, hapo ndipo ilipokosea zaidi. Watu walibaki wakiamini kwamba mazungumzo yameanza, wakubwa wakabaki wakiamini kwamba mazungumzo yamekwisha. Tarehe 22 Mei 2013 Profesa Muhongo akasoma bajeti ya Nishati na Madini kule Dodoma, watu wa Mtwara wamefunga maduka wanasikiliza, na wakasikia bomba liko palepale. Mji ukawaka. Watu walikufa, jeshi likaingia mitaani. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015 na linafanya kazi. Gesi ilikuwa ileile na serikali ileile. Kilichobadilika kati ya Januari na Mei ni kwamba mara ya kwanza kulikuwa na mtu wa kujibiwa, mara ya pili kulikuwa na redio.

Katikati ya hapo, Aprili, Liwale nako kuliungua. Huko ilikuwa korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, ulimlipa mkulima kwa awamu, na malipo ya pili yalikuja pungufu kuliko alivyotarajia. Nyumba za viongozi zikachomwa. Mimi silei uchomaji wa nyumba ya mtu. Lakini kumbukeni dawa iliyotolewa kila mahali, kwenye gesi na kwenye korosho pia: "Wananchi wapewe elimu."

Neno hili linanichoma. Mkulima wa korosho anajua kilo zake, anajua makato yalivyoandikwa ubaoni, anajua siku aliyoahidiwa. Anachotaka kujua ni tofauti imekwenda wapi. Hilo ni swali, na swali halitibiwi kwa elimu, linajibiwa. Ukiona kiongozi anasema watu hawana uelewa, mara nyingi yeye ndiye hana jibu.

Haya, mtaniambia mwandishi unalalamika tu, toa mfano. Ninao.

Kilwa kuna vijiji vinavyomiliki misitu ya mpingo na kuivuna kwa mpango. Kikole na Kisangi walipata cheti cha FSC mwaka 2009, misitu ya asili ya kwanza ya wanakijiji barani Afrika kupata cheti hicho. Mimi nilikwenda kijiji kingine chenye msitu wake, sitakitaja, mtaelewa kwa nini. Nilikuta mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao sheria inataka uitishwe angalau kila miezi mitatu. Mwenyekiti ni mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kusoma kwenyewe kwa shida. Mwezeshaji wetu angempa alama mbili kwa kumi: hatabasamu, hatanii, anawasomea watu karatasi ameinamisha kichwa.

Akafika kwenye matumizi. "Pikipiki ya doria, tairi mbili, shilingi 120,000."

Mama mmoja akasimama na mtoto mgongoni. "Mwenyekiti, mwanangu kanunua tairi juzi palepale Masoko, 55,000. Mbili 110,000. Hiyo 10,000 imeota miguu?"

Watu kimya. Mwenyekiti akamwita mhasibu, mhasibu akafungua bahasha ya kaki, akatoa risiti. Kweli, 110,000. Ile 10,000 alipewa fundi, hakuandika popote. Zogo. Mmoja anasema ni hela ndogo tusonge mbele, mwingine anasema ndogo ndogo ndiyo hujaza kibaba. Mwenyekiti akavua miwani. "Niliyeidhinisha mimi. Nitairudisha mimi." Katibu akaandika. Wakaendelea na kipengele cha zahanati.

Mkutano ulichukua saa nne na nusu. Nilichoka, sikatai, na jua la Kilwa si la mchezo. Najua kuna atakayesema kazi za serikali hazingekwenda kwa mwendo huo. Lakini jioni ileile vijana wa kamati ya maliasili walifunga sufuria na unga kwenye pikipiki yenye tairi zilezile za mjadala, wakaingia porini doria ya siku tatu, na mzee yule akaenda nao. Nilimuuliza kijana mmoja kama haogopi, maana wavunaji haramu wana mapanga. Akaniangalia kama nimeuliza jambo la kitoto. "Mzee yupo," akasema.

Watendaji wa kata niliokaa nao semina, wangapi wangesema hivyo juu ya wakubwa wao? Nauliza tu.

Siku ya mwisho ya semina kila kiongozi alitakiwa kutaja jambo moja atakalobadilisha. Bosi wa yule jirani yangu alisimama akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba atafungua kundi la WhatsApp ili kila mtu awe huru. Tulipiga makofi, na mimi nikiwemo, kwa moyo wote.

Nilikuwa nimesharudi Dar es Salaam mtendaji aliponipigia. Kundi lilifunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Mpaka saa tatu ilikuwa ni asante mheshimiwa, hongera mheshimiwa, mikono ya kuomba na maua. Saa tatu na nusu mtendaji mmoja wa kata za mbali akauliza habari ya nauli. Wa pili akauliza. Mpaka adhuhuri walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na miezi yake anayodai, wameandika vizuri, na wote wameanza na "mheshimiwa wetu mpendwa".

"Akajibu nini?" nikauliza.

"Saa kumi jioni akalifunga."