Kabla ya kuongeza dawa ya pili, taja ya kwanza

Mtoto amepimwa, ana malaria, amepewa dawa mseto. Kesho yake anatapika, na mama anapita duka la dawa kununua ya kuzuia kutapika. Bibi naye anakumbuka antibayotiki ya kikohozi iliyobaki mwezi uliopita. Kila dawa ina kazi yake. Tatizo huanza zinapokutana.

Moyo hupiga kwa umeme unaozalishwa ndani yake wenyewe. Baada ya kila pigo, huhitaji muda mfupi, chini ya nusu sekunde, kujiandaa kwa pigo linalofuata. Baadhi ya dawa hurefusha muda huo. Ukirefuka mno, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla, mtu akazimia au hata kufariki.

Dawa hizo ni pamoja na kwinini na dawa mseto za malaria, azithromaisini, flukonazoli ya fangasi na domperidoni ya kutapika. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu azithromaisini. Mwaka 2014 mamlaka ya Ulaya ilibana matumizi ya domperidoni kwa sababu ya athari zake kwa moyo.

Hii haina maana mzazi aziogope. Kwa wagonjwa wengi hazileti shida hiyo, na malaria isiyotibiwa ni hatari kubwa zaidi. Hatari huongezeka dawa mbili za aina hii zikitumika pamoja, dozi ikizidi, au mtoto akitapika na kuharisha hadi kupoteza madini ya potasiamu na magnesiamu. Wapo pia watoto waliozaliwa na hitilafu ya umeme wa moyo bila familia kujua.

Kwa hiyo, mzazi aende dukani na maboksi ya dawa zote anazotumia mtoto, au azipige picha kwa simu. Amweleze daktari au mfamasia kama mtoto amewahi kuzimia akikimbia au akishtuka, au kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha ECG.

Mtoto akizimia, au moyo ukienda mbio bila mpangilio baada ya dawa, awahishwe hospitali pamoja na maboksi hayo. Dozi ya malaria isikatishwe bila ushauri wa daktari.