Tusome Sanduku la Rimeli Mbele ya Kupaka



Mbele ya sikukuu ya masomo tulikuwa wasichana saba mu chumba kimoja, na rimeli ilikuwa moja tu. Tena ilikuwa imekauka. Mmoja wetu akatia mate ku brosi yake ndogo, akairudisha ndani, akaizungusha, basi ikalainika. Tukapaka wote saba. Mimi nilikuwa wa tano.

Siku ya tatu wawili kati yetu walikuja masomoni macho yamevimba, mekundu kama pilipili, na asubuhi kope zilikuwa zimeshikana kwa usaha. Mmoja alikosa mtihani wa hesabu. Mwalimu mmoja akasema: «Mumeona? Njo malipo ya kujirembesha.» Wasichana nao wakasema: «Hapana, ni juu ya ile rimeli ya bei chini.» Mimi naona pande zote mbili zimekosa, na ni kwa sababu hiyo naandika.

Nilichukua masanduku mawili. Moja ni la rimeli ya soko la Kenya, franka elfu tatu. Lingine dada yangu alinunua mjini, franka elfu ishirini na tano. Nikaandika mu daftari yangu yale maneno madogo ya nyuma, yale ambayo hatusomake. Ndugu zangu, ni karibu mambo mamoja! Yote mawili yanaanza na «aqua», ni kusema maji. Kisha nta ya nyuki, inayoandikwa «cera alba», na nta nyingine ya majani ya mti wa Brazili unaoitwa karnauba. Kisha asidi ya steariki na trietanolamini. Sisi wa Kemia-Biolojia tunajua: asidi ya mafuta ukiikutanisha na alkali, unapata sabuni. Rimeli ya kawaida basi ni maji na nta vilivyounganishwa na sabuni, pamoja na rangi nyeusi. Ile isiyotoka na machozi haina sabuni hiyo, mara nyingi haina maji pia, na ndiyo maana inataka mafuta ili itoke. Mwenye kuisugua kwa maji peke yake anang'oa kope zake bure.

Ku nchi za Ulaya sheria inaomba maneno yafuate uzito: kilicho kingi kinaandikwa kwanza, mpaka vitu vilivyo chini ya 1 kwa mia, ambavyo vinapangwa namna mwenye kiwanda anavyotaka. Rangi zinaweza kukaa mwisho, zikiwa na namba. Ukiona CI 77499, ni oksidi nyeusi ya chuma. CI 77491 ni ndugu yake mwekundu, na huyu tunamjua sana: ndiye anayefanya udongo wetu wa Hewa Bora kuwa mwekundu na kuharibu soksi nyeupe wakati wa mvua. Usikimbie sasa kuchota udongo! Udongo unakujaka na marafiki zake, risasi na arseniki, na ndiyo sababu viwanda vinatengeneza oksidi hiyo vyenyewe.

Watu wanasema, «Bakoko walipaka vitu vya asili, hawakuugua.» Wamisri wa zamani walipaka macho kwa malakiti iliyosagwa, lile jiwe la kijani ambalo mafundi wa hapa Lubumbashi wanachonga na kuuzia wageni. Rangi nyeusi waliipata ku galena, na galena ni salfidi ya risasi. Ni kitu cha asili kabisa, na ni sumu kabisa. Hata leo wanja wa namna hiyo unauzwa Uarabuni, Asia na Afrika. Mwingine ni masizi tu, mwingine ni galena, na jicho haliwezi kutofautisha. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kazi juu ya watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga: mkojo wao ulikuwa na kobalti nyingi sana, na risasi pia ilipita kiasi. Sisi tunaokula vumbi hiyo, tutaongeza risasi nyingine ku macho?

Sasa nifike ku jambo lenyewe. Maji yakikaa mu chupa pamoja na nta na mafuta, vijidudu vinakuja. Kwa hiyo kiwanda kinatia dawa ya kulinda: fenoksietanoli, ambayo Ulaya wanaipimia 1 kwa mia, ao parabeni, ambazo nazo wanazipimia. Watu mingi wanaogopa jina la parabeni. Mimi naogopa zaidi rimeli isiyo na mlinzi yeyote. Kuna kijidudu kinaitwa Pseudomonas, kinapenda maji, na kikipata mkwaruzo mdogo ku kioo cha jicho kinaweza kukitoboa mu siku chache. Dawa hiyo ilipimwa kwa macho ya mtu mmoja, kwa miezi michache tu. Tazama alama ya kopo lililofunguliwa yenye 6M, ni miezi sita. Haikupimwa kwa wasichana saba na mate. Kinywa kina vijidudu vyake, na sisi tulivipanda ndani ya chupa yenye giza na joto. Hata ile ya elfu ishirini na tano ingetuvimbisha.

Lakini nisidanganye kwamba bidhaa zote ni sawa. Amerika mwaka 1933 kulikuwa rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye rangi kali iliyotokana na lami ya makaa. Wanawake walipofuka, mmoja alikufa, na serikali haikuwa na sheria ya kuiondoa madukani mpaka sheria ya 1938. Na zebaki je? Mu rimeli zingine waliitia kidogo sana kama mlinzi, chini ya jina la «thimerosal»; mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikome ifikapo 2025. Mu mafuta ya kung'arisha ngozi ndiko zebaki inakuwa nyingi, na inaharibu figo. Ukiona «calomel», «mercury», ao onyo kwamba mafuta yasiguse pete ya dhahabu na ya feza, rudisha. Hidrokinoni Ulaya waliikataza mu mafuta hayo tangu 2001, na Rwanda mwisho wa 2018 polisi walipita madukani kuyakamata. Hapa tunapishana nayo kila siku ku meza za soko.

Mutu ataniuliza: na kama sanduku linasema uongo? Ni kweli, linaweza. Nilimuuliza mama mmoja muuzaji: «Mama, hii iko na tarehe wapi?» Akanijibu: «Mwanangu, shiye tunauzishaka tu, hatutengenezake.» Alisema kweli, na sina hasira naye. Lakini kitu kisicho na jina la kiwanda, kisicho na namba ya kundi wala orodha, hakikupewa hata nafasi ya kusema uongo. Hicho mimi sipake.

Kwa walimu wetu, kwa heshima yote. Kila mara mukituhubiria rangi ya macho munamtaja Yezebeli. Lakini hata Ayubu, baada ya mateso yake, alimpa binti yake wa tatu jina Keren-hapuki, maana yake pembe ya wanja, na Maandiko hayamlaumu. Mukituambia tu ni dhambi, tutapaka kwa kujificha mu chumba, saba kwa brosi moja, na tukiumwa tutanyamaza. Yule aliyekosa mtihani alikaa siku mbili bila kusema, juu ya kuogopa adhabu, na muuguzi alisema siku hizo mbili ndizo zilizozidisha ugonjwa.

Naomba hivi: saa moja ya kemia, mbele ya sikukuu ijayo, tulete masanduku yetu tuyasome pamoja na mwalimu. Hata wavulana walete mafuta yao ya nywele, wasicheke. Na ambaye jicho linamuwasha aende kwa muuguzi bila kuandikwa mu daftari ya nidhamu.

Ile rimeli ya sikukuu nimeitupa mu choo mimi mwenyewe. Mwenye nayo ananidai franka elfu tatu mpaka leo.

Mwanafunzi wa kike, mwaka wa 3, Kemia-Biolojia