Mwimbaji Hali Makofi

Mwezi uliopita tulifanya mkutano wa hadhara hapa Kisawasawa, kwenye barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara. Watu walikuja kwa wingi, na hapana haja ya kujidanganya kwamba walikuja kutusikiliza sisi wasemaji. Walikuja kwa sababu bibi mmoja wa Kipogoro, ambaye kijiji kizima chamwita Bibi, aliimba sangula karibu saa nzima kabla mwenyekiti hajasimama. Mkutano ulipokwisha, wasemaji walikula wali kwa kuku, wakapewa na nauli. Bibi alipewa soda na makofi. Akarudi kwake kwa miguu, wapigaji ngoma wake wakimfuata nyuma.

Mkutano ule tuliuandaa sisi, na aibu ni yetu.

Limekaa vichwani mwetu wazo baya kwamba mwimbaji wa kienyeji hafanyi kazi. Huimba tu kama ndege aimbavyo, kwa kuwa asubuhi imefika. Seremala akitujengea jukwaa twamlipa. Mwenye vipaza sauti hulipwa kabla hajawasha jenereta, na akicheleweshewa hata kidogo huanza kukunja nyaya zake. Lakini yule aliyewatoa watu mashambani mwao wakati wa kuvuna mpunga, huyo twamwambia, “Ahsante sana, Bibi, Mungu akuzidishie.”

Na tumtazame Bi Kidude wa Unguja, yaani Fatuma binti Baraka. Alizaliwa Mfagimaringo, baba yake akiwa mwuza nazi. Alianza kuimba angali mtoto, akajifunza nyimbo za Siti binti Saad, akapiga ngoma za unyago kwa miaka mingi, na pamoja na hayo akawapaka watu hina na kuwapa dawa za mitishamba. Kisiwani kila mtu alimjua. Hata hivyo albamu iliyobeba jina lake mwenyewe, Zanzibar, ilitoka mwaka 1998, wakati alipokuwa bibi kizee kwa hesabu yoyote ile. Mwaka 2005 Wazungu walimpa tuzo ya WOMEX huko Uingereza. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, Rais Kikwete alihudhuria maziko yake.

Wengi huisimulia habari hii kama hadithi ya bahati: mzee alichelewa, mwishowe akafika. Sisi twaisoma vingine. Yeye hakuchelewa. Sauti ilikuwapo siku zote na ngoma ilikuwapo. Waliochelewa ni wenye fedha na wenye mitambo, tena na sisi majirani tuliodhani kuwa kitu tukisikiacho bure hakina bei. Siti mwenyewe, aliyekuwa akiuza vyungu, aliingia Mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 ndipo alipokwenda Bombay kurekodi santuri. Nako aliitwa na kampuni ya wageni.

Chama chochote cha siasa katika nchi hii hakina ruhusa ya kusahau deni lake kwa waimbaji. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake wa Dar es Salaam, haikuwapata kwa makaratasi. Iliwapata kwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, aliyewaendea wenziwe wa vikundi vya ngoma na kuwaingiza chamani. Baadaye, mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, na watu kama Mzee Hukwe Zawose wa Ugogo walipata mahali pa kufanya kazi na kufundisha, huko Bagamoyo. Hao ni wachache waliobahatika.

Ipo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na ndani yake sanaa za jadi zimetajwa. Twaipongeza. Lakini siku ile ile ya mkutano, vijana wetu walimpiga Bibi picha za video kwa simu, na jioni wimbo wake ulikuwa umekwisha kufika Morogoro na kwingineko, bila jina lake. Hakuna aliyemwuliza.

Wako wenzetu wasemao kwamba fedha itaiharibu ngoma, na kwamba mwimbaji akizoea kulipwa kesho atawaimbia wapinzani wetu. Twawauliza: msemaji wetu alipopokea nauli, imani yake iliharibika? Na Bibi akiwaimbia wengine wakamlipa vizuri kuliko sisi, kosa litakuwa la nani? Koo ni lake, si la tawi.

Kwa hiyo twaleta shauri hili kwa matawi yote ya bonde hili, toka Kidatu hadi Ifakara na ng'ambo ya mto. Katika makisio ya kila mkutano, jina la mwimbaji na wapigaji wake liandikwe juu, na posho yao isipungue ya msemaji. Apewe usafiri wa kwenda na kurudi. Anayetaka kurekodi aombe kwanza, na jina la mwimbaji litajwe.

Jumapili tulikwenda kwa Bibi kumwomba radhi. Alitukaribisha, akaitikia shikamoo zetu moja moja, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, “Wajukuu zangu, nimewasamehe. Mkutano ujao nitakuja. Ila fedha ya wapigaji wangu mniletee jana yake, maana wao wana watoto.”