Masharti Yasiyosomeka Si Ridhaa

Novemba 1884, Mangungo wa Msovero alitia alama yake kwenye mkataba wa Karl Peters ulioandikwa kwa Kijerumani, lugha asiyoijua. Walimu wetu hulifundisha tukio hilo kuwa ni hila: karatasi ilisema amekubali, ilhali hakujua amekubali nini. La kushangaza ni kwamba sisi tuliolisoma tunatia alama zetu kila siku katika simu bila kushtuka.

Tovuti na programu nyingi zina sera ya faragha, yaani maelezo ya taarifa zinazochukuliwa na matumizi yake. Lakini mara nyingi maelezo hayo ni marefu, yamesongamana, yameandikwa kwa Kiingereza cha mawakili na kufichwa chini kabisa ya ukurasa. Kinachoonekana waziwazi ni kitufe cha "Nakubali". Mwaka 2008 watafiti Aleecia McDonald na Lorrie Cranor wa Marekani walikadiria kuwa mtu angehitaji zaidi ya saa 200 kwa mwaka kusoma sera za tovuti anazozitembelea. Basi tusiwalaumu wasomaji kwa uvivu.

Hasara yake si ya kufikirika. Mtumishi anayekopa kwa simu aweza kuruhusu, pasipo kujua, majina na namba zote alizohifadhi zichukuliwe. Akichelewa kulipa, mkuu wake wa kazi na wakwe zake hupigiwa simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka mhusika ajue kusudi kabla taarifa zake hazijakusanywa. Ajue, siyo aonyeshwe ukurasa tu. Huko Ufaransa, Januari 2019, tume inayosimamia taarifa za watu iliitoza Google faini ya Yuro milioni 50. Sababu mojawapo ni kwamba maelezo yalitawanywa katika nyaraka mbalimbali, hata mtumiaji akalazimika pengine kupita hatua 5 au 6 kuyafikia. Kumbe mpangilio wa ukurasa ni suala la haki, wala si la urembo.

Ofisi za umma na shule zinazoandikisha watu mtandaoni hazina budi kuonyesha njia. Juu ya ukurasa uwekwe muhtasari wa Kiswahili fasaha wenye kujibu maswali matano: mnachukua nini, kwa nini, mtampa nani, mtakaa nacho muda gani, na nikidhulumiwa nimwendee nani? Herufi zisomeke kwenye simu ndogo. Kitufe cha kukataa kilingane na cha kukubali.

Wapo watakaosema kwamba lugha nyepesi hupotosha sheria. Hoja hiyo haina uzito. Maandishi kamili ya kisheria yabaki chini ya muhtasari kwa anayeyahitaji. Kisha, kabla ya kuutoa ukurasa huo kwa umma, apewe mzazi mmoja wa kijijini ausome na kueleza alichoelewa. Akishindwa, wa kulaumiwa ni mwandishi. Maana ridhaa isiyoeleweka ni ile ile alama ya Mangungo.